PIGO LATOKA WAPI?

Somo la kikundi juu ya nguvu na ukatili katika mchezo wa kuigiza



Vikundi vyetu vingi hupenda mchezo wa kuigiza, na si ajabu. Gharama yake ni ndogo: leso mbili, kiti, sufuria, na watu walio tayari kufanya mazoezi. Mtu asiyeweza kukaa kusikiliza hotuba ya dakika kumi atasimama juani nusu saa kutazama mchezo, na jioni atausimulia nyumbani kwake.

Lakini kuna jambo ambalo limetushinda wengi. Ni jinsi ya kuonyesha mtu mwenye nguvu akimwumiza asiye na nguvu: mume na mke, tajiri na kibarua, mkubwa na mwananchi, mwalimu na mtoto. Tukionyesha mtu akipigwa, watazamaji hucheka. Tukificha, mchezo hausemi kitu. Sasa tufanyeje?

Somo hili tumelipata kutokana na makosa yetu wenyewe, kwa hivyo twaanza na makosa hayo. Lafaa kwa vikao viwili. Mmoja wenu asome kwa sauti, na wengine wasiogope kumkatiza na kuuliza.

YALIYOTUPATA MAKUPA

Tuna kikundi cha akina mama wachuuzi na vijana. Hukutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, si mbali na mzunguko wa Makupa, pale ambapo malori huelekea darajani kutoka kisiwani. Kikundi kiliamua kutunga mchezo juu ya kupigana nyumbani, maana kelele za usiku kila mtu huzisikia, na asubuhi hakuna azungumzaye.

Mchezo wa kwanza ulikuwa hivi. Mume arudi amelewa. Chakula hakijaiva. Amkimbiza mke kwa mwiko, wazunguka meza mara tatu, sufuria yaanguka, mke apigwa mgongoni huku akipiga mayowe. Kijana aliyekuwa mume ni mchekeshaji wa kuzaliwa. Alikuwa amejifunga mto tumboni, na kila akijikwaa watoto waligaragara kwa kicheko. Sisi tuliousimamia mchezo pia tulicheka. Tulijipongeza: ukumbi ulijaa na watu walifurahi.

Watu walipotawanyika tukaanza kupanga viti. Mama mmoja alikuwa bado ameketi bao la mbele. Tulidhani asubiri mtoto. Akatuuliza, "Mwacheka nini nyinyi? Hayo ndiyo yangu ya kila siku." Akajifunga leso yake, akaenda zake. Hakusema jina, wala hatukumfuata. Tulisimama na viti mkononi.

Siku ile tulikaa hadi magharibi. Tulikubali kwamba tulikuwa tumeiga vichekesho vya televisheni bila kufikiri. Mke alipigwa ili watu wafurahi. Na mtu anayepiga mkewe, kama alikuwamo ukumbini, alirudi nyumbani akiwa amechekeshwa tu. Hakuna kitu kilichomgusa.

Basi tukatunga mchezo wa pili. Mara hii tulitaka watu waone sababu. Mume tukamfanya utingo wa lori. Nyote mwajua kwamba tangu mwaka 2018 makontena mengi yalianza kupelekwa Nairobi kwa reli mpya, na watu wengi wa malori na gereji hapa Mombasa wakapoteza kazi. Tukamwonyesha akizunguka kutafuta kibarua, akifukuzwa langoni, akidaiwa kodi ya nyumba. Arudi nyumbani, mke amwuliza pesa ya unga, naye ampiga kofi moja tu. Hakuna mto, hakuna kukimbizana.

Ukumbi ulinyamaza kimya. Tukafikiri sasa tumepatia. Kisha mzee mmoja akasimama akasema, "Mmeona? Mtu akibanwa sana hulipuka. Si kosa lake." Wanaume kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo mama anayeuza viazi karai akainuka huko nyuma. "Baba watoto alifutwa kazi mwezi ule ule nami nilipofukuzwa barabarani na karai langu. Njaa ni ile ile, nyumba ni ile ile. Mbona mimi sijampiga mtu?"

Ikawa zogo kubwa, na mzee yule hakuwa na jibu.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu la pili. Mchezo wa kwanza uligeuza pigo kuwa kichekesho. Mchezo wa pili uligeuza pigo kuwa mvua, kitu kinachonyesha chenyewe bila mtu kukileta. Tulikuwa hatujajua namna ya kuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba pigo lina asili yake, na kwamba aliyepiga ameamua kupiga.

Kabla ya kutunga mchezo wa tatu, tuliangalia wenzetu waliotutangulia walifanyaje.

WANAKIJIJI WA KAMIRIITHU

Kamiriithu ni kijiji karibu na Limuru, kiasi cha kilomita 30 kutoka Nairobi. Miaka ya 1970 watu wa hapo, wengi wao wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni. Walianza na masomo ya ngumbaru. Kisha wakataka mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuandika kwa Kikikuyu, ukaitwa Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili ulikuja kuitwa Nitaolewa Nikipenda.

Kwetu sisi wa vikundi, la kutazama ni namna ulivyotengenezwa. Waandishi walileta karatasi, wanakijiji wakairekebisha. Wazee walisahihisha lugha. Wafanyakazi walieleza mishahara yao na kazi zao zilivyo hasa. Jukwaa la wazi walilijenga kwa mikono yao. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila apitaye asimame na kusema, "Hapana, hivyo sivyo."

Kisa chenyewe ni hiki. Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu tu ya ardhi. Hati ya shamba ameitundika ukutani. Tajiri Kioi, mtu wa kanisa tena mwenye cheo, analitaka shamba hilo kwa ajili ya kiwanda. Hamwendei kwa rungu. Anamwendea kwa maneno mazuri: yeye na mkewe wapaswa kufunga ndoa kanisani kama watu wastaarabu. Harusi yataka pesa. Kiguunda anachukua mkopo benki, hati ikiwa rehani. Mkopo unamshinda, shamba linapigwa mnada, na mnunuzi ni Kioi. Wakati huo huo binti yake Kiguunda ametiwa mimba na mtoto wa Kioi, kisha akakataliwa.

Sisi watu wa kanisa twakiri kwamba mchezo huu watuchoma. Lakini hebu tazameni nguvu inavyotembea humo. Nguvu ya Kioi imo katika karatasi, katika benki, katika wosia unaofanana na mahubiri. Hakuna damu. Kiguunda anapomwendea na upanga, mke wa Kioi anatoa bastola, na mambo yanaishia hapo. Baadaye Kiguunda anageukia pombe, na ugomvi unahamia nyumbani kwake, kati yake na mkewe Wangeci, ambaye amepoteza shamba lile lile.

Nguvu hushuka ngazi. Aliye juu humwumiza wa chini yake kwa kalamu, na wa chini humtafuta aliye chini zaidi, amwumize kwa mkono. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa twaona zaidi: nyasi nazo huumizana. Wangeci hakumkosea Kiguunda kitu. Mchezo unatuonyesha ngazi nzima, lakini hautuambii tumshangilie Kiguunda kwa kugombana na mkewe. Hilo ndilo lililotupita katika mchezo wetu wa pili. Tulionyesha ngazi, tukasahau kwamba mwanamke naye yuko juu ya ngazi hiyo hiyo, na analiona lile lile.

KWA NINI WENYE NGUVU HUOGOPA JUKWAA

Mchezo wa Kamiriithu ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi kutoka mbali. Wakati huo sheria ilitaka mchezo uwe na leseni ya serikali, na tarehe 16 Novemba 1977 leseni hiyo ilifutwa. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 wanakijiji walipojaribu mchezo mwingine walizuiwa, na mwezi Machi mwaka huo jukwaa lao likabomolewa na polisi. Ngũgĩ aliishi uhamishoni miaka mingi, akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Mombasa nayo ina mtu wake katika habari hii. Alamin Mazrui, mzaliwa wa hapa, alitoa tamthilia Kilio cha Haki mwaka 1981. Humo mwanamke aitwaye Lanina awaongoza vibarua wa shamba la mzungu Delamon kudai haki zao. Lanina hupigana na Delamon, na tena hupigana na wanaume wa upande wake mwenyewe wasiotaka kuongozwa na mwanamke. Mwaka 1982 mwandishi huyu aliwekwa kizuizini, akaachiliwa mwaka 1983.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, ya utawala wa chama kimoja. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 33, yalinda uhuru wa kujieleza pamoja na uhuru wa ubunifu wa sanaa, ila haikubali uchochezi wa vita, ghasia wala chuki. Lakini mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kuigiza mchezo Shackles of Doom katika mashindano ya kitaifa, hadi mahakama ikaondoa marufuku. Na Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilikuwa na mchezo Echoes of War, kazi ya mwandishi yule yule, Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Mchezo ulionyesha vijana wa nchi ya kubuni wakiwauliza watawala wao maswali. Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe. Hata hivyo, tarehe 10 Aprili huko Nakuru polisi walirusha mabomu ya machozi, na wasichana walipopanda jukwaani waliimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza.

Sasa tujiulize. Kila usiku televisheni zetu huonyesha filamu za watu wakiuana kwa bunduki, na hakuna azimaye umeme. Kwa nini basi mchezo wa wanakijiji, au wa watoto wa shule, uletewe polisi?

Sisi twaona jibu ni hili: ukatili mtupu haumtishi mwenye nguvu. Wakati mwingine hata humsaidia, kwa kuwa watu huogopa. Kinachomtisha ni pale mtazamaji anapoanza kuuliza, "Pigo hili latoka wapi? Nani analipa? Nani ananyamaza?"

Na swali hilo halimwogopeshi mkubwa wa serikali peke yake. Laweza kumwogopesha mwenyekiti wa kikundi chetu, baba wa nyumba, mama mkwe, hata sisi tuandikao gazeti hili.

MKONO UNAOPIGA NA MKONO UNAOTUMA

Wenye watoto wa sekondari huenda mmeona tamthilia hizi nyumbani. Zatusaidia kuona aina tatu za pigo.

Ya kwanza ni pigo la kutumwa. Katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mwelusi awapinga Mtemi Bokono na watu wake. Mtemi hajichafui mikono. Anayemwua Mwelusi kule kisimani ni Gege, ndugu yake mwenyewe, aliyeahidiwa kumwoa binti wa Mtemi. Mkono ni wa ndugu, nia ni ya mkubwa. Vijana wetu wajua jambo hili vizuri, maana kila uchaguzi ukikaribia wako watu wanaokuja na pesa kidogo kuwakodi.

Ya pili ni pigo la amri. Katika Kigogo cha Pauline Kea, mtawala Majoka alifunga Soko la Chapakazi, watu wa Sagamoyo wakakosa riziki. Hilo nalo ni pigo, ingawa hakuna aliyeguswa mwili. Baadaye Tunu, mwanamke anayewatetea, ashambuliwa na wahuni na kuumizwa mguu. Amri ilitangulia, rungu likafuata. Mama wa viazi karai alipolisikia hili alisema, "Basi nami nilipigwa."

Ya tatu ni pigo la nyumbani. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Sara ameteswa na mumewe Yona kwa miaka mingi. Hakuna mtawala wala askari pale. Ni nyumba tu, pombe, na maneno ya watu wanaomhukumu mke.

Mkitunga mchezo, jiulizeni ni pigo la aina gani mnaloonyesha. Mara nyingi zote tatu zimo ndani ya kisa kimoja.

MCHEZO WETU WA TATU

Katika Brazili aliishi mtu aitwaye Augusto Boal. Mwaka 1971 serikali ya kijeshi ilimkamata, ikamtesa, kisha akaenda uhamishoni. Boal alibuni namna ya kuigiza ambayo mchezo husimamishwa pale penye dhiki, na mtazamaji huinuka, huchukua nafasi ya mwigizaji, hujaribu njia nyingine. Mbrazili mwenzake, Paulo Freire, alifundisha kwamba watu hujifunza kwa kuulizwa juu ya maisha yao wenyewe. Mafundisho ya Freire yaliingia Kenya miaka ya 1970 kupitia semina za DELTA zilizoendeshwa na majimbo ya kanisa, na baadhi ya wazee wetu wa maendeleo wanazikumbuka: kigizo kifupi, kisha swali, "Mmeona nini?"

Tukachukua njia hiyo. Mchezo wa tatu ulikuwa na vyumba viwili, tulivyovigawa kwa leso iliyotundikwa kwenye kamba. Upande mmoja mume na mke. Upande wa pili jirani, mwanamume na mkewe, wanakula. Pigo hatukulionyesha. Wayunani wa kale pia, katika michezo yao ya huzuni, walificha mauaji nyuma ya jukwaa. Watazamaji waliona leso ikitikisika, wakasikia sufuria ikianguka. Walichokiona wazi ni jirani. Jirani akaacha kula. Akamtazama mkewe. Kisha akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.

Hapo tukasimamisha mchezo. Tukauliza, "Mmeona nini?"

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema si kosa lake. Watu walitazamana, maana redio ile kila mtu aliifahamu. Mzee yule yule wa mara ya pili akapanda jukwaani akawa jirani. Akaenda kwenye leso akabisha, "Hodi!" Kijana wetu akatoka, akamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, lakini haya ni ya nyumbani kwangu." Mzee akakwama. Akarudi nyuma, akakaa. Mama mmoja akasema, "Usende peke yako." Wakapanda watatu: mzee, yeye, na kijana wa bodaboda. Hawakugombana. Walisema tu, "Twamwulizia mama. Twataka kumwona." Kijana wetu, kwa kuwa ni mwigizaji mzuri, aliona aibu kwelikweli, akawapisha.

Watu wakapiga makofi. Lakini mama wa viazi karai hakupiga. Akauliza, "Haya, ametoka. Sasa usiku huu alala wapi?"

Hatukuwa na jibu. Miaka yote tumechangiana kwa harusi, kwa maziko, kwa karo za shule. Hatukuwahi kuweka hata shilingi mia kwa mtu anayetoka nyumbani usiku na watoto wake. Kikao kilichofuata kikundi kilianza mchango mdogo kwa jambo hilo, na akina mama wawili walikubali milango yao ibishwe saa yoyote. Majina yao hayaandikwi popote.

Yule mama wa siku ya kwanza tulimtafuta tumwalike. Tuliambiwa amehama, na majirani hawakujua alikoelekea.

HATUA ZA KUFUATA

Mkitaka kutunga mchezo juu ya nguvu na ukatili, twawashauri hivi:

1. Anzeni na ngazi. Chora ngazi chini kwa kijiti au chaki. Juu kabisa ni nani? Chini kabisa ni nani? Kila ngazi, mtu ana nguvu gani: pesa, cheo, kalamu, mwili, siri, au desturi?

2. Msitumie kisa cha mtu anayejulikana. Changanyeni visa vitatu au vinne viwe kimoja. Majina yawe ya kubuni, na yasifanane na ya mtu wa mtaani kwenu.

3. Msimpige mwigizaji. Pigo la kweli jukwaani huumiza mtu na halifundishi kitu. Tumieni leso, sauti, kivuli, au onyesheni yanayofuata baada ya pigo: mtu anayeokota vyombo vilivyovunjika peke yake husema mengi.

4. Mpeni aliyepigwa akili na maneno. Asiwe wa kulia tu. Anafikiri nini? Amejaribu nini? Nani amemkatisha tamaa?

5. Muonyesheni anayetazama. Kila penye pigo yuko anayesikia. Huyo ndiye watazamaji wengi wanaoweza kuwa.

6. Msimalizie kwa miujiza. Mume asitubu ghafla dakika ya mwisho, wala mkubwa asianguke kwa radi. Simamisheni mchezo penye swali, muwaachie watu.

7. Jiandaeni kwa atakayebaki ukumbini. Kabla ya kuigiza, chagueni watu wawili wa kuzungumza naye faraghani, mwanamke mmoja awe miongoni mwao. Jueni mapema pa kumpeleka. Kenya ina simu ya bure 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na 116 kwa watoto. Ipo Sheria ya Kujikinga na Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo yampa mtu haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Aliyebakwa apelekwe hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Kwa Mombasa, hospitali kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia watu hao.

8. Mkiigiza uwanjani, arifuni mapema. Sheria ya mikutano ya hadhara yataka taarifa ya maandishi kwa polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Kaeni na nakala iliyopigwa muhuri. Mchezo unaouliza maswali magumu wahitaji karatasi zilizo sawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika mchezo wa mwisho mlioutazama, ni nani aliyepigwa? Je, watu walicheka? Kwa nini?

2. Mzee alisema, "Mtu akibanwa hulipuka." Mama wa viazi akauliza, "Mbona mimi sijampiga mtu?" Nyinyi mwasemaje? Gawanyikeni makundi mawili, kila moja litetee upande mmoja, kisha mbadilishane.

3. Kiguunda alipoteza shamba kwa karatasi. Katika kijiji chenu, nani ameumizwa kwa karatasi? Mngeonyeshaje jambo hilo jukwaani bila kumtaja mtu?

4. Ndani ya kikundi chetu wenyewe, ni nani huongea sana, na ni nani huogopa kuongea? Swali hili mwaweza kulijibu kwa kigizo cha dakika tano, mwenyekiti akicheza mwanachama wa kawaida.

5. Kama mtu angetoka nyumbani kwake usiku wa leo, angelala wapi?

Twawaomba swali la tano msilipite haraka. Litakapopata jibu, hata dogo, ndipo mtakuwa tayari kuigiza.

Kazi njema.